Ukumbi wa Bwana Shamba: Nguvu za Jembe Zinatoka Wapi?

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mbegu za alizeti. Mwezi huu sisemi juu ya mbegu, wala mbolea, wala wadudu. Nataka tuzungumze juu ya chombo kimoja cha kilimo ambacho hatukitengenezi kabla ya msimu. Chombo hicho ni mwili wako.

Jembe tunalinoa. Mpini ukivunjika tunachonga mwingine. Maksai tunawapa pumba na maji kabla ya kuwafunga nira. Lakini mwili tunauacha tu tangu mavuno. Halafu mvua ya kwanza inanyesha, na siku hiyo hiyo tunautaka ulime kutwa nzima.

Nitaanza na kisa cha mwaka jana.

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia wapo vijana wanaonyanyua vyuma. Chuma chenyewe wamekitengeneza wao. Walichukua bomba la maji, wakaweka kopo la rangi lililojaa saruji upande huu, na kopo jingine upande ule. Walikipima kwenye mizani ya kununulia alizeti. Kilikuwa na kilo 46. Mmoja wao ni kijana wa miaka 22. Yeye hulala chali juu ya benchi na kukisukuma chuma hicho juu mara kumi bila kupumzika. Kifua chake ni kipana. Mikono yake imejaa. Watoto wanamwita Baunsa.

Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na mbili, kijana huyu alikutana shambani na mzee mmoja. Mashamba yao yanapakana. Mzee amepita miaka 60. Ni mwembamba, na miguu yake haina unene wa kutisha mtu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo hicho kifua umekileta kulima, au umekileta kukianika?"

Utani wa babu na mjukuu mnaujua. Maneno yakazaa mashindano. Kila mmoja akapimiwa kipande chake, hatua 40 kwa hatua 3. Mimi nilikuwa napita na pikipiki, wakanisimamisha niwe mwamuzi.

Kijana alianza kwa kishindo. Udongo uliruka. Nusu saa ya kwanza alikuwa mbele. Kisha akaanza kusimama na kushika kiuno. Alisimama mara ya pili, na mara ya tatu. Mzee hakusimama. Alikwenda mwendo ule ule aliouanza nao, kama saa ya ukutani. Alipomaliza alikaa chini ya mti akaomba maji. Kijana alikuwa amebakiza hatua 9. Watu walicheka sana.

Aibu ilimshika kijana. Hakwenda nyumbani kupumzika. Aliendelea kulima peke yake mpaka jua likazama.

Kesho yake hakuamka kwenda shambani. Kesho kutwa ilikuwa mbaya zaidi. Mgongo ulikuwa umekaza kama ubao. Mikono haikuinuka hata kuvaa shati. Mama yake ni mjane, na jembe lao kubwa ni huyo kijana. Siku tano zilipita. Unyevu ukaondoka ardhini. Wakapanda mtama wao baada ya mvua nyingine, na jua la mwezi wa pili likaukuta haujatoa masuke. Mwezi wa sita nilikuwepo walipopiga hesabu. Walipata gunia 4. Mwaka uliotangulia shamba hilo hilo liliwapa gunia 7.

Hata hivyo hilo si jambo lililonikosesha usingizi. Siku ya tatu ya maumivu, jirani mmoja alisema hivi: "Mtu mzima hawezi kumshinda kijana kama yule kwa nguvu za kawaida. Mzee amemfunga mikono."

Ndugu msomaji, maneno kama hayo yamewaua wazee wasio na hatia katika nchi yetu. Nilikwenda kwa yule mama jioni ile ile. Tabibu wa zahanati naye alikuja. Tulikaa mpaka usiku tukieleza. Mama alielewa, na maneno yale hayakusikika tena. Lakini niliona kuwa maelezo yale yanafaa kufika na kwenu. Mimi nina cheti cha kilimo tu. Mambo ya ng'ombe na ya jembe nayajua mwenyewe. Mambo ya mwili wa binadamu nimefundishwa na tabibu huyo, na kwa vitabu alivyoniazima.

AMRI INATOKA KICHWANI

Wengi wetu tunadhani kuwa nguvu ni misuli. Mwenye misuli minene ndiye mwenye nguvu, basi. Huo ni ukweli nusu.

Misuli peke yake haifanyi kazi. Inangoja amri. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka kwa njia ya uti wa mgongo, inapita kwenye mishipa ya fahamu, ndipo inafika kwenye misuli. Mishipa ya fahamu si mishipa ya damu. Ni kama nyaya za simu. Habari hupita humo kwa mbio za mita 50 hivi kwa sekunde moja, yaani karibu nusu ya uwanja wa mpira. Mtaliani mmoja aitwaye Galvani aliandika juu ya jambo hili mwaka 1791. Aliona miguu ya chura aliyekwisha kufa ikirukaruka ilipoguswa na umeme. Toka hapo watu wakaanza kuelewa kuwa amri ya mwili ni namna ya umeme.

Sasa angalia msuli wenyewe. Umefanywa kwa nyuzi nyingi sana. Nyuzi hizo zimegawanywa katika makundi, na kila kundi lina uzi wake wa fahamu unaoliamrisha. Fikiri juu ya kijiji chenye vitongoji kumi. Mbiu ikipigwa kwenye kitongoji kimoja, watu wa kitongoji hicho tu ndio wanatoka. Ukitaka kijiji kizima kichimbe mtaro, lazima mbiu ipigwe vitongoji vyote, tena kwa wakati mmoja.

Mtu asiyezoea kazi fulani ana watu wengi kijijini, lakini mbiu yake ni mbovu. Vitongoji vitano vinatoka. Vitano vimelala. Waliotoka nao wanafika kwa nyakati mbalimbali, mmoja na koleo, mwingine mikono mitupu. Akirudia kazi hiyo siku kwa siku, mbiu inakuwa nzuri. Vitongoji vingi zaidi vinatoka, na vinatoka pamoja. Idadi ya watu haijaongezeka hata mmoja. Lakini mtaro unachimbwa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Moritani na deVries, waliwafundisha watu kunyanyua uzito kwa mkono muda wa wiki 8. Wiki za mwanzo nguvu ziliongezeka, lakini misuli ilikuwa haijanenepa sana. Sehemu kubwa ya nguvu hizo ilikuwa kazi ya fahamu. Unene wa misuli ulikuja kuchangia zaidi baadaye. Na zamani zaidi, mwaka 1894, katika chuo cha Yale huko Marekani, mtaalamu aitwaye Scripture alimfanyisha mwanamke mmoja mazoezi ya kubana chombo kwa mkono wa kulia tu. Alipompima tena, mkono wa kushoto nao ulikuwa umeongezeka nguvu. Mkono wa kushoto haukufanya kazi yo yote. Kilichojifunza ni kile kinachotoa amri kwa mikono yote miwili.

Niliposikia habari hiyo nilikumbuka maksai. Nani asiyejua ng'ombe wawili wasiofundishwa? Mmoja anavuta mbele, mwenzake anarudi nyuma. Nyama wanazo, nguvu wanazo, lakini plau haiendi. Ndiyo maana tunawaanzisha na nira tupu, halafu gogo dogo, na baada ya wiki kadhaa ndipo tunawafunga plau. Katika mkono wako pia kuna maksai wawili. Msuli wa mbele unaukunja mkono, msuli wa nyuma unaunyoosha. Mtu mgeni wa kazi huikaza yote miwili kwa pamoja, na mmoja unampinga mwenzake. Anatoka jasho jingi kwa kazi ndogo. Mzoefu hulegeza mmoja wakati mwingine unapovuta. Mtazame mzee akilima. Jembe likipanda, mikono yake imelegea. Likishuka, uzito wa jembe lenyewe unafanya kazi. Anakaza mahali pamoja tu, pale anapovuta udongo.

Basi kwa nini Baunsa alishindwa? Alikuwa na mbiu nzuri sana, lakini ya kazi nyingine. Fahamu zake zilijifunza kulala chali na kusukuma juu mara kumi, kisha kupumzika. Jembe halitaki hivyo. Nilihesabu kwa saa yangu siku ile. Mzee alipiga jembe mara 25 kwa dakika moja. Kwa saa nzima ni mara 1,500. Jembe na mpini wake vikiwa kilo 2, saa moja mzee amenyanyua kilo 3,000, yaani tani 3. Chuma cha kilo 46 mara kumi ni kilo 460. Piga hesabu hiyo wewe mwenyewe na wanao.

AKINA MAMA NA MIZIGO

Akina mama watanicheka. Watasema, bwana shamba, sisi tulipumzika lini tangu mavuno? Ni kweli. Maji, kuni, kinu na mtoto mgongoni havina likizo. Nafikiri ndiyo maana mvua ya kwanza ikinyesha, wanaougua mgongo zaidi ni sisi wanaume.

Mwaka 1986 wataalamu walitangaza habari za akina mama wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya. Waliwapima pumzi zao wakitembea na mizigo. Waliona kuwa mama aliyezoea mizigo tangu utotoni anaweza kubeba moja ya tano ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu zaidi ya anazotumia akitembea mikono mitupu. Yaani mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 kama bure. Mwaka 1995 walieleza sababu yake. Ni mwendo. Mwili wake huinuka na kushuka kwa namna isiyopoteza nguvu, kama bembea. Misuli yake haikuwa ya ajabu. Kilichokuwa cha ajabu ni mwendo ambao fahamu zake zilijifunza kwa miaka mingi. Vipimo vilivyofanywa baadaye Afrika ya Kusini havikuona hivyo kwa kila mwanamke, basi asije mume akasoma hapa na kumwongezea mkewe ndoo ya pili. Mzigo ukizidi moja ya tano, nguvu zinatumika, na shingo inalipa.

Upande mwingine wa jambo hili ni wa huzuni. Mwaka 1985 wilayani Tarime watu walilemaa miguu ghafla. Walikuwa wamekula mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri wakati wa shida ya chakula. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na umeonekana pia Kongo na Msumbiji. Misuli ya miguu ya mgonjwa ipo. Mifupa ipo. Kilichoharibika ni njia ya amri kutoka kichwani. Miguu inakakamaa, na mtu anatembea kwa ncha za vidole au hatembei kabisa, na kilema hicho hakiondoki. Ndiyo maana sichoki kuwaambia: mihogo michungu iloweke siku zake kamili, uianike ikauke, usifupishe kazi kwa sababu ya njaa.

BAWABA YENYE KUTU

Sasa tuje kwenye viungo, yaani mahali mifupa inapokutana: goti, nyonga, bega, kiwiko, kifundo.

Ukichinja kuku, chukua mguu uutazame. Kwenye ncha ya mfupa utaona kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hiyo ni gegedu. Katikati ya mifupa kuna ute kidogo, kama maji ya yai. Gegedu ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute huo, na ute unaingia vizuri kiungo kinapotembea. Kiungo kisichotembezwa kinakaza, kama bawaba ya mlango isiyofunguliwa mwaka mzima.

Bawaba ikikaza, nguvu zinapotea. Namna ya kwanza ni rahisi kuiona. Kijana wetu hukaa kutwa kwenye pikipiki akingoja abiria, au kwenye benchi lake la chuma. Nyonga zake zilikuwa zimekaza. Nilimwambia achuchumae kama anayeota moto, visigino chini. Alianguka kwa nyuma. Mtu wa namna hiyo akiinama kulima, nyonga hazikunjiki, basi anakunja kiuno badala yake. Kiuno kinafanya kazi ya nyonga mara 1,500 kwa saa. Mzee yeye huchuchumaa kula, kuchambua karanga, kuzungumza. Kiti kwake ni cha wageni. Alipoinama, mgongo wake ulikaa sawa na nyonga ndizo zilizokunjika.

Namna ya pili imejificha, na mimi niliipata kwa kuumia. Miaka michache iliyopita nilianguka na pikipiki, goti likavimba. Mfupa haukuvunjika. Nikasema nitapumzika mpaka lipone kabisa. Nilikaa wiki sita nimeunyoosha mguu kwenye stuli, mke wangu akiniletea hata maji ya kunawa. Goti lilipotulia, nilikuta paja limesinyaa na mguu haunisimamishi kutoka kwenye kiti. Nilimlaumu kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Tabibu alinieleza. Kiungo kina askari wake wa zamu, ndani ya kiungo, ndani ya misuli na kwenye kano. Askari hao hupeleka habari juu kila wakati: goti limekunjika kiasi gani, limevutwa kiasi gani, kuna hatari au hakuna. Goti likijaa maji, askari wanapeleka habari ya hatari, na uti wa mgongo unapunguza amri kwenye misuli ya paja. Mwaka 1965 wataalamu waliingiza majimaji kwenye magoti mazima, yasiyo na ugonjwa. Misuli ya paja ililegea, ingawa paja halikuwa na jeraha lo lote. Kwa hiyo mtu mwenye goti lililovimba akisema mguu hauna nguvu, hadanganyi. Amri imekatwa njiani.

Hapa namkumbuka mama mmoja aliyekuwa na bega lililokaza. Mkono haukupita usawa wa sikio. Mumewe alisema mbele yangu kuwa ni mvivu, kwa sababu mkono haukuvimba na chakula alikuwa anakula. Nilimwomba mume ajaribu kulima huku kiwiko chake kimefungwa kwa kanga kwenye mbavu. Alipiga jembe mara chache akacheka, halafu akanyamaza. Mama alipewa mazoezi kwenye zahanati: kutembeza vidole juu ya ukuta kama buibui, kila asubuhi na kila jioni, na mahali vidole vilipofika anaweka alama ya mkaa. Ilichukua miezi. Mwisho alama zilikuwa juu ya mlango.

Jambo jingine kwa ninyi mnaonyanyua vyuma. Nguvu hukua zaidi pale unapopafanyia kazi. Ukikunja goti nusu tu kila siku, utakuwa na nguvu katika nusu hiyo, na ile sehemu ya chini utabaki mgeni. Shuka mpaka chini, kwa uzito mdogo kwanza.

MAUMIVU YA SIKU YA PILI

Narudi kwa kijana kitandani. Misuli ikifanya kazi kubwa isiyoizoea, nyuzi zake zinapata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho. Maumivu hayaji saa ile. Yanakuja kesho yake, na mara nyingi siku ya pili ndiyo mbaya kuliko ya kwanza. Baada ya siku nne au tano au zaidi kidogo yanakwisha yenyewe. Mtu akirudia kazi ile ile wiki chache baadaye, maumivu huwa madogo zaidi. Ndivyo ilivyo kwa askari jeshi, kwa mchezaji mpira na kwa mkulima. Hakuna mkono wa mtu hapo. Kutembea polepole na kazi nyepesi vinasaidia kuliko kulala.

Lakini zipo dalili ambazo si za kungojea nyumbani. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi baada ya kazi ngumu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miguu ikifa ganzi, ikipoteza nguvu, au mkojo ukikataa kutoka au kutoka bila hiari, nenda siku hiyo hiyo. Kiungo kikivimba, kikiwa cha moto na mtu ana homa, usikandekande, nenda.

ALIVYOANZA MWAKA HUU

Mwaka huu kijana hakungoja mvua. Tulikubaliana aanze mapema mwezi huu wa kumi, na kazi tuliyoichagua ni kazi ya shamba yenyewe, maana sipendi jasho lipotee bure.

Wiki ya kwanza alichimba shimo la mboji, siku tatu tu katika wiki, nusu saa kila siku. Kabla ya kuanza anazungusha mabega, anabembeza mguu mbele na nyuma, anachuchumaa akishika nguzo ya mlango. Havuti kiungo kwa muda mrefu kabla ya kazi, kwa sababu kuvuta sana na kutulia hapo hupunguza nguvu kidogo saa ile. Kujinyoosha kwa utulivu anafanya jioni. Mwanzoni alichuchumaa na visigino juu ya kipande cha ubao. Sasa ubao ameuondoa. Misuli haikurefuka ghafla kwa wiki mbili. Sehemu kubwa ni kwamba askari wa zamu wameacha kupiga kelele mapema.

Wiki ya pili alianza kusambaza samadi shambani na kung'oa visiki vidogo. Anapiga jembe mara 25, anapumzika, anapiga tena 25. Anabadili mkono, mara wa kulia mbele, mara wa kushoto. Nilimwambia asiongeze sana kwa mara moja. Misuli inazoea upesi, lakini kano zinazoifunga misuli kwenye mfupa huchukua miezi. Wengi huumia hapo: wanajisikia wana nguvu wakati kamba hazijawa tayari.

Jambo lililomshinda ni usingizi. Alikuwa anaangalia simu mpaka saa sita usiku. Nilimweleza kuwa ubongo hupanga masomo ya mchana wakati wa kulala, na mkono unajifunza hata wewe ukiwa unakoroma. Sina hakika kama simu ameiacha.

Chuma sikumkataza. Uzito mkubwa unafundisha mbiu kuamsha vitongoji vyote, na mzee ye yote angefaidika nao kidogo. Nilimwomba tu aongeze kuchuchumaa nacho, na kuinama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka. Sasa anafanya hivyo na kilo 20, kwa sababu kilo 46 zilimwangusha.

Na mbinu ya jembe lenyewe alikwenda kujifunza kwa mwenye nayo. Wiki iliyopita niliwakuta wote wawili chini ya ule mti. Mzee alikuwa ameshika mpini akimwonyesha mahali pa kulegeza mkono. Kijana alikuwa amechuchumaa mbele yake, visigino chini, anasikiliza. Wamekubaliana kushindana tena mvua ya kwanza, hatua 40 kwa 3 kama mwaka jana. Mimi nimeombwa nije na saa. Mzee ameongeza sharti moja: akishinda tena, kijana atamlimia kipande cha karanga, na akishindwa, atanyanyua kile chuma mbele ya watu. Tangu hapo anakwenda kukitazama kila jioni.